Malale ya Uganda: jina moja, maradhi mawili

"Malale ni malale, yote mamoja." Kosa kubwa huanzia hapa. Uganda ndiyo nchi pekee duniani yenye aina zote mbili za ugonjwa huu wa vimelea unaoenezwa na mbung'o. Kaskazini-magharibi, pande za Arua, Koboko, Moyo na Adjumani, kuna gambiense. Hiyo huenda polepole: mtu anaweza kutembea nayo miezi, hata miaka, akidhani ni uchovu. Busoga na sehemu za Teso na Lango kuna rhodesiense, isiyo na subira. Bila dawa huua kwa wiki au miezi michache. Mbung'o anayezieneza Uganda ni yuleyule wa kandokando ya maji, lakini maficho ya vimelea ni tofauti. Gambiense hujificha hasa ndani ya binadamu. Rhodesiense ndani ya wanyama, na Uganda zaidi ni ng'ombe, ambaye huweza kuonekana mzima kabisa.

"Mifugo inahusu nini na ugonjwa wa watu?" Muulize mtu wa Soroti, huko Teso. Mwaka 1998 rhodesiense ilizuka huko, na watafiti walipofuata nyayo zake wakafika kwenye mnada wa ng'ombe wa Brookes Corner. Waliuzwa hapo ng'ombe kutoka maeneo yenye malale, wengi bila kuchomwa sindano ya kuua vimelea. Mbung'o walikuwapo Soroti siku zote. Kilichokuja kwa miguu minne ni vimelea.

"Mgonjwa wa malale hulala tu." Hapana, huanza na homa, kichwa na maumivu ya viungo, mithili ya malaria. Usingizi huvurugika baadaye, vimelea vikishaingia kwenye ubongo, nao hupinduka: mchana anasinzia na tonge mkononi, usiku macho makavu. Tabia nayo hubadilika, majirani wakasema karogwa. Ukitoka maeneo hayo na homa haisikii dawa ya malaria, omba damu itazamwe kwa hadubini, maana kipimo cha haraka cha malale kipo kwa gambiense tu.

"Mimi nalala ndani ya neti." Vyema, kwa mbu. Mbung'o huuma mchana: mtoni, kisimani, machungani. Tena hupenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake West Nile, huko kaskazini-magharibi, ni vitambaa vya bluu. Kwenda kuteka maji na shati la bluu ni kujipigia debe. Lakini mbung'o akikuuma usikate tamaa. Mbung'o wengi hawabebi vimelea hivyo.

"Dawa yenyewe inaua." Wazee waliosema hivyo hawakuota. Melarsoprol, sindano yenye aseniki, iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Sasa kuna fexinidazole, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa baada ya chakula. Kwa rhodesiense vilijaribiwa katika Hospitali ya Lwala, Uganda, na huko Malawi, na mwaka 2023 wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakaviunga mkono.

"Malale yamekwisha, Shirika la Afya Duniani limesema." Lilichothibitisha mwaka 2022 ni kwamba gambiense si tatizo tena la afya ya jamii nchini Uganda. Wagonjwa wachache bado wanaweza kutokea. Rhodesiense, pamoja na ng'ombe wake, haikuwamo kwenye tangazo hilo.