Cheti cha mtumiaji wa mwisho: maana yake, na mahali kinapovujia

Cheti cha mtumiaji wa mwisho ni hati ambayo serikali inayonunua silaha huikabidhi serikali ya nchi inayouza. Hati hiyo hutamka mambo mawili: silaha hizi tutazitumia sisi wenyewe, na hatutazipeleka kwa mwingine bila idhini yenu. Bila hati hiyo, ofisi ya vibali ya nchi inayouza haipaswi kuruhusu sanduku hata moja litoke ghalani.

Wanaofanya kampeni ya kudhibiti biashara ya silaha huirudia hati hii mara kwa mara, na wana sababu nzuri. Sehemu kubwa ya silaha zilizo mikononi mwa wanamgambo hazikuundwa mafichoni. Zilitoka viwandani kihalali, zikauzwa kwa karatasi zenye mihuri, kisha zikaacha njia yake. Kitendo hicho cha kuacha njia huitwa uchepushaji, na cheti ndicho kilichowekwa kuuzuia.

Cheti kilichoandikwa vizuri hutaja majina na anwani za muuzaji, mnunuzi na mtumiaji mwenyewe, pamoja na dalali kama yupo. Hutaja namba ya mkataba, aina ya silaha, idadi, thamani, nchi ziendako na kazi zitakayofanya. Huwa na namba yake ya pekee, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kwisha, na jina, cheo na sahihi ya afisa mwenye mamlaka. Nchi za Shirika la Usalama na Ushirikiano Barani Ulaya zilikubaliana mwaka 2004 kuhusu mambo ya lazima yanayopaswa kuwemo. Duniani kote, hata hivyo, hakuna fomu moja inayotumiwa na wote. Nchi moja hutumia karatasi maalumu isiyoweza kunakiliwa kirahisi, nyingine huandika barua ya kawaida yenye nembo ya wizara. Afisa wa vibali anayepokea barua kama hiyo kutoka nchi asiyoijua hana cha kulinganisha nacho.

Kughushi, basi, ndiko udhaifu wa kwanza. Mghushi hahitaji kutengeneza kila kitu upya. Humtosha cheti kimoja cha kweli. Hukinakili, akabadilisha tarehe, idadi na aina ya silaha, sahihi na muhuri akaviacha vilivyo. Katika miaka ya 1990 vyeti vya kughushi vyenye jina la Togo vilitumika kununua silaha Bulgaria kwa ajili ya waasi wa UNITA nchini Angola, ingawa UNITA walikuwa chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa.

Lakini kughushi ndiyo hila iliyo rahisi kunaswa. Inayoumiza zaidi ni cheti cha kweli chenye ahadi ya uongo. Machi 1999 ndege kubwa ya mizigo ilitua Ouagadougou ikiwa na tani 68 za silaha kutoka Ukraine. Karatasi zilisema mtumiaji wa mwisho ni Wizara ya Ulinzi ya Burkina Faso, na kwamba silaha hazitauzwa tena kwingine. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Desemba 2000, lilieleza jinsi shehena hiyo ilivyohamishiwa ndege nyingine na kupelekwa Liberia, nchi iliyokuwa imewekewa vikwazo, wakati vita vya nchi jirani ya Sierra Leone vikiendelea. Muuzaji angeweza kuukagua muhuri siku nzima asione kasoro, kwa sababu muhuri haukuwa na kasoro.

Kwa hiyo mkaguzi mzuri haishii kwenye karatasi. Kwanza huthibitisha kwamba cheti kilitolewa kweli, akipitia ubalozi wake au mwambata wake wa kijeshi katika nchi ile. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye cheti chenyewe haifai, maana aliyeghushi cheti ndiye aliyeiandika. Halafu huuliza kama ombi lina mantiki. Jeshi la askari 5,000 linaagiza bunduki 30,000 za nini? Mbona linataka risasi za milimita 7.62 kwa 39 ilhali bunduki zake zote ni za milimita 5.56? Kwa nini malipo yanatoka benki ya nchi ya tatu, na kwa nini ndege itatua mahali pasipo kwenye njia yake? Jibu lisiloridhisha kwa swali moja tu kati ya haya linatosha kusimamisha kibali mpaka maelezo yapatikane.

Mkataba wa Biashara ya Silaha, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013 na kuanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014, unagusa jambo hili. Ibara ya 8 inaitaka nchi inayonunua itoe taarifa zinazohitajika kwa tathmini ya muuzaji, na vyeti vya aina hii vimetajwa humo. Ibara ya 11 inataka uchepushaji uzuiwe na hatari yake ipimwe kabla ya kibali. Ikibidi, kibali kinyimwe. Ibara ya 12 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miaka kumi. Ni hatua kubwa, na ilichukua muongo mzima wa kazi: kampeni ya Control Arms, iliyozinduliwa Oktoba 2003 na Amnesty International, Oxfam na IANSA (mtandao wa kimataifa wa asasi zinazopambana na silaha ndogo), ilikusanya picha za watu milioni moja kudai mkataba huu. Hata hivyo mkataba haukuweka fomu moja ya cheti, wala haukumlazimisha muuzaji kwenda kuangalia silaha zilipo baada ya kufika.

Hapo ndipo kampeni inapaswa kukaza sasa. Uswisi imeonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2012 maguruneti yaliyotengenezwa Uswisi, na kuuzwa Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2003, yalionekana kwenye vita vya Syria. Uchunguzi ukaonyesha kwamba sehemu yake ilikuwa imepewa Jordan. Serikali ya Uswisi ikabadilisha kanuni: mnunuzi hutakiwa kukubali, ndani ya tamko lenyewe la mtumiaji wa mwisho, kwamba wakaguzi wa Uswisi wanaweza kuja kuhakikisha silaha bado zipo. Mkaguzi huingia ghalani na orodha ya namba zilizochongwa kwenye silaha, akazilinganisha moja baada ya nyingine. Ukaguzi huo huwezekana kwa bunduki. Kwa risasi ni mgumu, maana risasi moja moja haina namba yake, na zikishafyatuliwa hakuna cha kuhesabu zaidi ya daftari la ghala.

Anayetaka kuisukuma serikali yake, awe raia, mwandishi au mbunge, aulize mambo yanayojibika. Ni ofisi ipi moja yenye mamlaka ya kutoa vyeti, na ni maafisa wangapi wenye sahihi inayotambulika? Sampuli za sahihi hizo zimepelekwa kwa nchi zinazotuuzia? Cheti kina tarehe ya kwisha? Nchi inayouza iulizwe kama mikataba yake ina kifungu cha ukaguzi wa ghalani, na ni mara ngapi kimetumika. Nchi wanachama wa mkataba zinatakiwa kuwasilisha ripoti ya kila mwaka kufikia tarehe 31 Mei, lakini nchi inaweza kuomba ripoti yake isionyeshwe kwa umma. Swali la kwanza kabisa bungeni, basi, ni kama ripoti ya mwaka jana iliwasilishwa, na kama mwananchi anaruhusiwa kuisoma.