Mashine imesusa: maana ya "msimamo wa nia", na roboti anaekutazama machoni

Kwetu Pemba ukimkuta mvuvi amekaa pwani asubuhi ukamuuliza vipi leo mbona hukwenda baharini, atakwambia mashine imesusa. Hasemi plagi imelowa wala hasemi petroli imeingia maji, anasema imesusa, kama mtoto alogombezwa akakataa wali. Na mama yangu hapa mjini ana pampu yake ya maji uani, kila siku anaisema, ati haipendi kuwashwa mchana, ukiiwasha mchana inanuna. Siku moja akaitwa fundi, kijana mdogo tu, akafungua akatoa kapasita akaonesha imevimba akatuelezea vizuri kabisa umeme unapita wapi, mimi nikasema haya leo mama kapata mwalimu. Akafunga, akawasha, haikuwaka. Unajua alosema? "Ngoja, hii inataka kubembelezwa."

Sasa hii tabia ina jina lake kwenye falsafa, mie kwa Kiswahili naiita msimamo wa nia, na nimeona niielezee kwa sababu siku hizi maneno ya roboti na akili bandia yamejaa kila baraza na watu wengi wanabishana bila ya kujua wanabishana juu ya nini.

Aloliweka hili jambo sawasawa ni mwanafalsafa wa Marekani Daniel Dennett, alofariki 2024, ana kitabu chake cha 1987 kinachobeba jina la dhana hii. Alichosema ni kwamba kitu chochote ukitaka kubashiri kitafanya nini baadae, una njia tatu za kukitazama. Ya mwanzo unakitazama kama maumbile tu, uzito, joto, umeme, jiwe likiachiwa litaanguka basi. Ya pili unatazama kimeundwa kwa kazi gani, saa ya kuamshia watu hujui ndani ina nini lakini unajua ukiitega saa kumi na moja alfajiri itapiga kelele saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ndo ilivyotengenezwa. Ya tatu unakichukulia kama vile kina mambo kinayoyajua na mambo kinayoyataka, halafu unajiuliza, mwenye kujua haya na kutaka haya, atafanya nini?

Mfano wake Dennett mwenyewe ulikuwa kompyuta inayocheza sataranji, mie nakupa drafti ya kwenye simu. Umekaa unacheza na simu, hufikirii saketi wala hufikirii ile programu imeandikwa vipi, unafikiria "hapa anataka nimle hii ili yeye anile mbili". Na kufikiri hivo kunakusaidia kweli, ukifikiria mambo ya saketi utaliwa kete zote. Ndo maana akasema ni msimamo, yaani ni namna wewe unavyojiweka mbele ya kitu, unaweza kujiweka hivi saa hii na baadae ukajiweka vyengine, kama yule fundi wetu, dakika tano alikuwa mtu wa kapasita, dakika ya sita akawa mtu wa kubembeleza.

Na hapa ndo watu wanapochanganya. Kusema mtu ana msimamo wa nia kwa roboti si kusema roboti lina nia. Wala si kusema kuwa yule mtu mjinga anaamini roboti lina roho. Hilo la roboti lina akili ya kweli au halina ni suala jengine kabisa na lina ugomvi wake, Dennett mwenyewe aligombana na wenziwe miaka mingi juu ya hilo, hapa tunazungumzia kichwa cha mtazamaji.

Kichwa cha mtazamaji hakihitaji mengi. Mwaka 1944 kule Marekani Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonesha watu kifilamu kifupi, pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, na duara, vinazunguka zunguka kwenye kisanduku chenye kijimlango, hakuna uso hakuna sauti hakuna chochote. Wakawaambia kundi la watu 34 waandike walichokiona. Mmoja tu ndo aloandika kuhusu maumbo yanayosogea, wengine wote wakaandika viumbe wenye mambo yao, wengi wakaona watu kabisa, kuna anaefukuza, kuna anaekimbia, kuna alofungiwa ndani. Pembetatu hizo bwana.

Basi twende kwa mtafiti alonifanya niandike haya. Anaitwa Agnieszka Wykowska, asili yake Poland, alianza na falsafa halafu akahamia saikolojia na sayansi ya ubongo kule Munich, sa hivi yuko Genoa, Italia, kwenye Istituto Italiano di Tecnologia ambapo anaongoza kundi linalochunguza watu wanapokaa na roboti. Alichofanya yeye ni kulichukua suala la Dennett, ambalo lilikuwa la watu wa kukaa na kufikiri, akalipeleka maabara. Akasema tusibishane, tumkalishe mtu mbele ya roboti tumvishe kofia ya waya tupime, ni wakati gani ubongo unaacha kuliona lile ni chombo unaanza kuliona ni mwenzangu.

Roboti wanalotumia linaitwa iCub, lilizaliwa na mradi wa Umoja wa Ulaya uloanza 2004. Kimo chake kama sentimita 104, yaani mtoto wa nasari, lina viungo 53 vinavyopinda na kugeuka, vingi viko mikononi, na lina macho mawili yanayozunguka, kila jicho ndani kamera. Hayo macho ndo yenyewe.

Ile kofia ni ya EEG, inashika umeme mdogo mno unaotoka kwenye ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Si kitu kipya, Mjerumani Hans Berger alirekodi wa binaadamu mara ya mwanzo 1924. Uzuri wake ni kasi, inaona mabadiliko ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ubaya wake haijui vizuri umeme umetoka pembe gani ya ubongo. Mtu atauliza kwanini wasitumie ile mashine kubwa ya sumaku inayotoa picha nzuri za ubongo, jibu ni kuwa ndani ya ile unalala chali hutikisiki, na roboti la chuma na mota huliingizi kwenye chumba cha sumaku kubwa vile ila uwe unataka kuua mtu. Kofia unavaa umekaa kitako kwenye kiti, roboti limekaa mbele yako, mnatazamana.

Na kwanini wasiwaulize watu tu? Kwa sababu watu husema lile linaloonekana la akili. Muulize mtu mzima "unaona hili roboti lina nia?" atakwambia ah wapi, plastiki tu hilo. Mama nae ukimbana kuhusu pampu atasema usinifanye mtoto.

Sasa utafiti ninaoupenda mie ni ule wao uliotoka 2021, na mtu wa Mji Mkongwe ataufahamu haraka kuliko Mtaliana. Fikiria uko kwenye kichochoro cha nyuma ya Darajani, umepanda vespa, na mbele anakuja mwengine na vespa yake, njia haipitishi wawili. Mmoja lazima ampishe mwenziwe. Ukimpisha wewe, umechelewa kidogo na umeona haya kidogo. Mkikataa wote mnagongana. Na kila mtoto aliyekulia humo anaijua siri, usimtazame machoni, ukishamtazama machoni ushaanza kumfikiria, huyu kakasirika huyu ana haraka huyu namjua babake, na wakati unafikiria yeye kashapita.

Ndo mchezo huo huo walouweka kwenye maabara, gari mbili zinakuja uso kwa uso, unakwenda moja kwa moja au unakwepa, na mpinzani wako ni iCub. Kabla ya kuamua unainua macho unamtazama. Mara nyengine anakutazama machoni, mara nyengine anatazama pembeni. Basi hakuna zaidi ya hapo, hasemi kitu hacheki hafanyi lolote, ni macho tu.

Watu walichelewa kuamua pale alipowatazama. Na si uzembe, walipoipiga hesabu wakaona ni kama mtu ameongeza kiwango cha ushahidi anaoutaka kabla ya kukata shauri. Na kwenye kofia, mawimbi ya alfa, yale ya mara 8 mpaka 12 kwa sekunde, yakawa yamepangika pamoja zaidi, ambayo wao wanaisoma kuwa ubongo unafanya kazi ya ziada kulizuia lile jicho lisimchanganye. Jengine ni hili, wale ambao mara nyingi iCub alikuwa hawatazami walielekea zaidi kucheza kwa maslahi yao wenyewe tu, na ubongo wao ukawa unashtuka zaidi kwa matokeo, kapata kakosa. Yaani jicho la kamera lilikuwa linamvuta mtu zaidi amuhesabu na mwenziwe, na yule ambae hatazamwi akaelemea zaidi kwenye hesabu zake.

Kila aliyekaa pale anajua kuwa lile ni kamera. Hapo ndo utamu wa jambo hili, kujua hakukuzuii.

Ila kujua kunabadilisha kidogo, tusizidishe chumvi. Kwenye utafiti wa 2012 Wykowska na wenziwe walionesha kuwa mtu hufuata macho ya sura kwenye skrini kwa nguvu zaidi akiambiwa kuna binaadamu anaeiendesha hiyo sura, kuliko akiambiwa ni mashine. Macho yale yale.

Halafu 2019 kundi lake likatoa hojaji, picha za iCub anafanya vitu, kila hadithi ina picha tatu na chini maelezo mawili, moja la kifundi na moja la kinia, unachagua uko karibu na lipi. Kwa wastani watu wameelemea upande wa ufundi lakini kidogo tu, si kwa kishindo kama unavyotarajia. Na mwaka uliofuata likaja lilonishangaza mie zaidi, waliwapima watu umeme wa ubongo wakiwa wamepumzika tu, kabla hawajaona picha yoyote ya roboti, na mawimbi yale ya mapumziko yakatofautisha wanaokuja kuelemea nia na wanaokuja kuelemea ufundi. Yaani mama na fundi, pengine walitofautiana kabla pampu haijanunuliwa. Si kwamba mtu amefungwa hapo milele lakini, utafiti mwengine uliwakalisha watu watazame video pamoja na iCub, anaewasalimu na kuonesha kufurahi na kuhuzunika kulingana na video, na wakitoka hapo wanaelemea zaidi upande wa nia kuliko mwanzo, wakati waloketi na iCub wa kujitikisa kimashine tu hawakusogea.

Kuna kitu kimoja ambacho pengine hawa watafiti wa Ulaya hawakioni wazi hivi kwenye lugha zao na sisi tunakiona bure. Mvuvi anasema mashine imesusa, I-mesusa, kitenzi ni cha mtu lakini kile kiambishi mwanzo ni cha kitu. Sijawahi kumsikia mvuvi hata mmoja akasema mashine amesusa, angechekwa. Mama nae pampu "inanuna", hajasema "ananuna" hata siku moja, pamoja na hasira zake zote. Sasa rudi juu usome nilivyoandika mie. Pale kwenye vipimo na viungo na kamera nimeandika roboti lina, linaitwa, limekaa. Nilipofika kichochoroni tu, "anakutazama", "hasemi", "hacheki". Wallahi sikukusudia, nimeona wakati nasoma mara ya pili, nikataka kurekebisha nikaacha.