Mzee akitoka kazini, kijana haingii

Kila mwajiri akitangaza kupunguza wafanyakazi, wateja wangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, huja na wimbo uleule: "Acha nichukue kiinua mgongo niondoke, vijana nao wapate." Mwenye mwana aliyehitimu na bado yuko barazani husema hivyo kwa uchungu. Namwelewa, lakini si kweli, na nimechoka kuusikia.

Ufaransa ilijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Rais Mitterrand ilishusha umri wa pensheni kamili kutoka 65 hadi 60, hoja mojawapo ikiwa kuwapisha vijana. Vijana wakabaki bila kazi vilevile. Ujerumani ilikwenda kinyume, ikabana njia za kustaafu mapema. Mwaka 2000, kati ya watu wa miaka 60 hadi 64, mmoja tu kwa watano alikuwa kazini. Miaka 20 baadaye walipita nusu, wanaume kwa wanawake. Katika kipindi hicho hicho ukosefu wa kazi kwa vijana wao ulipungua.

Nafasi za kazi si viti vya matatu kwamba mmoja akishuka mwingine anakaa. Mwendesha kreni wa bandari ya Kilindini mwenye miaka 58 akiondoka, mrithi wake si mtoto aliyetoka chuo juzi. Mara nyingine harithiwi kabisa. Na mshahara wake ndio uliokuwa ukimlipa fundi, mwenye duka na kijana wa bodaboda pale Changamwe. Serikali yetu ilipopandisha umri wa kustaafu kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, lawama zilikuwa hizi hizi.

Wengine huniambia: "Ng'ambo ukifika 60 unapumzika." Wapi? Japani, takriban mtu mmoja kwa wanne waliopita 65 bado anafanya kazi.

"Wanawake hutoka mapema." Uingereza ilikuwa hivyo hadi 2010, wao 60, wanaume 65. Kufikia mwisho wa 2020 wote walikuwa 66.

"Mzee anayefanya kazi ana shida." Kwetu, mara nyingi ndiyo: bibi muuza mahamri hana pensheni, na shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, haziendi mbali. Nchi tajiri ni kinyume. Wanaochelewa kustaafu zaidi ni waliosoma.

Kwa hiyo ukitaka kuondoka, ondoka kwa hesabu yako, usimsingizie kijana. Na ukigonga 50, toa taarifa yako ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, uipitie mwezi kwa mwezi. Wapo waajiri wanaokata na hawapeleki, na ukingoja hadi 60 huenda utakuta kampuni yenyewe ilishafungwa.