Gitaa la besi: yanayosemwa dukani na jukwaani, na ukweli wake

Katika bendi nyingi za dansi, katika kwaya na katika vikundi vya taarab ya kisasa, mpiga besi hupewa ushauri na kila mtu kuhusu ala ambayo wengi wa washauri hao hawajawahi kuishika. Ushauri huo hutoka kwa wapiga solo, kwa wauzaji wa maduka na, siku hizi, kwenye video za mtandaoni, na sehemu kubwa yake hulichukulia gitaa la besi kuwa ni gitaa la kawaida lililopunguziwa nyuzi. Makosa mengi ya ununuzi na ya upigaji huanzia hapo.

Inasemwa, basi, kwamba besi ni ala rahisi, ya kupewa yule aliyeshindwa kupiga solo. Historia yake haikubaliani na kauli hiyo, kwa sababu ala hii ilibuniwa kuchukua nafasi ya kontrabesi, lile zeze kubwa la kusimama ambalo mpaka leo linasikika katika taarab asilia ya Zanzibar. Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme yenye freti tangu miaka ya 1930, lakini haikuenea. Kilichoenea ni Precision Bass ya Leo Fender, iliyotoka California mwaka 1951. Jina hilo lilisifu usahihi wa noti: kwenye kontrabesi kidole kikiteleza milimita chache tu noti inatoka nje, lakini freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, humpa mpigaji noti iliyopimwa tayari. Nyuzi nne zilifuata mpango uleule wa kontrabesi, E, A, D na G, uzi mnene kuliko wote ukitetema takriban mara 41 kwa sekunde, ambayo ni nusu ya mitetemo ya uzi mnene wa gitaa la kawaida.

Kazi ya besi nayo ni ya peke yake. Mpiga kinanda akibonyeza C, E na G kwa pamoja, kila mtu atasikia C meja. Lakini mpiga besi akiweka A chini yake, noti zilezile tatu, bila kinanda kubadilisha chochote, zinageuka kuwa sehemu ya A maina. Anayeamua wimbo unaelekea wapi, mara nyingi, ni huyu aliyesimama karibu na dramu. Wanaofuatilia benga ya Kenya wanalijua hilo bila kufundishwa, maana humo besi husukuma wimbo mbele na huchokozana na gitaa la solo waziwazi. Na anayetaka mfano wa mbali kidogo amsikilize Bakithi Kumalo wa Soweto, ambaye besi yake isiyo na freti katika albamu ya Graceland ya Paul Simon, ya mwaka 1986, ndiyo sauti ambayo wasikilizaji wengi huikumbuka mwanzo kabisa.

Dhana nyingine inawanyima watu ala hii kabla hawajaigusa: kwamba besi inataka mikono mikubwa, na kwa hiyo haiwafai watoto wala wanawake wenye viganja vidogo. Ni kweli kwamba nafasi kati ya freti za besi ni kubwa. Katika besi ya kawaida sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa milimita 864, na mwenye kuweka kidole cha shahada kwenye freti ya kwanza na kidole cha mwisho kwenye freti ya nne anatanua mkono kwa milimita 130 hivi. Lakini zipo besi fupi, zenye urefu wa milimita 762, ambazo tanuo hilohilo linashuka hadi milimita 114, na si vitu vya watoto: Höfner 500/1 ya Ujerumani, ile yenye umbo la fidla ambayo Paul McCartney alijulikana nayo, ni besi fupi. Isitoshe, hakuna sheria inayodai kila kidole kiwe na freti yake. Walimu wa kontrabesi, wakifuata mbinu iliyoandikwa na Franz Simandl katika karne ya 19, huviunganisha kidole cha tatu na cha nne vikabonyeza pamoja kwenye noti za chini, na mkono mzima ukahama badala ya kutanuka. Mbinu hiyo inafaa vilevile kwenye besi ya umeme, hasa kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano, na huwaokoa wengi na maumivu ya kifundo cha mkono. Maumivu mengine husababishwa na mkanda wa begani ulioachwa mrefu mno kwa ajili ya madoido, kwani besi ikining'inia magotini kifundo hulazimika kujikunja ili vidole vifike kwenye nyuzi.

Unene na upana wa shingo ni jambo la kupimwa kwa mkono, wala si kwa kusoma karatasi ya duka. Shingo ya Jazz Bass, besi nyingine ya Fender iliyotoka mwaka 1960, ina upana wa takriban milimita 38 pale nyuzi zinapoanzia, ilhali Precision nyingi ni pana zaidi kwa milimita kadhaa. Ni tofauti ndogo mno machoni lakini kiganja huihisi mara moja, na mpigaji wa shingo nyembamba si lazima awe mwenye vidole vifupi.

Huko madukani, dhana inayouzwa kwa nguvu zaidi ni kwamba nyuzi tano ni bora kuliko nne, na sita ni bora kuliko tano. Uzi wa tano, ambao kwa kawaida ni B ya chini, hutetema takriban mara 31 kwa sekunde, na upo kwa sababu maalumu. Tuchukue ibada ambayo mpiga kinanda amezoea kuimbisha katika E flati: kwenye besi ya nyuzi nne iliyotuniwa kawaida, E flati ya chini kabisa inayopatikana ni ile ya mitetemo 78, wakati mwenye nyuzi tano anaweza kushuka oktava nzima hadi mitetemo 39, na kanisa zima likaihisi kifuani. Kwa mtu wa namna hiyo uzi wa tano ni chombo cha kazi. Kwa anayepiga rumba, benga au rege, nyuzi nne zinatosha kabisa, na James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi mno za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alifanya kazi hiyo kwa nyuzi nne na, zaidi ya hapo, kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Jambo ambalo muuzaji hatalitaja ni kwamba katika besi nyingi za bei ya chini uzi wa B hulegea na kutoa mvumo usioeleweka, hivyo mnunuzi huongeza fedha kwa ajili ya uzi ambao hatautumia, na juu yake anapata shingo pana zaidi ya kuhangaika nayo.

Kuhusu besi za betri, zile zinazoitwa aktivu, watu huamini kwamba zina nguvu zaidi na kwamba zile zisizo na betri zimepitwa na wakati. Ukweli ni kwamba betri ya volti 9 huendesha saketi ndogo ndani ya kiwiliwili cha gitaa, inayomwezesha mpigaji kuongeza au kupunguza sauti za chini na za juu akiwa amesimama jukwaani. Utaratibu huo ulienea baada ya StingRay ya kampuni ya Music Man kutoka mwaka 1976. Besi isiyo na betri inaweza tu kupunguza, lakini marekebisho yaliyobaki hufanywa kwenye amplifaya au kwenye mikisa. Mwenye besi ya betri anapaswa pia kujua kwamba, katika nyingi ya besi hizo, saketi huwaka pale waya unapochomekwa, na huendelea kula betri usiku kucha waya ukiachwa hapo, hata kama hakuna anayepiga. Besi inayoanza kukwaruza na kukata sauti katikati ya ibada ya Jumapili mara nyingi haina ubovu wowote zaidi ya waya uliosahauliwa tangu mazoezi ya Jumamosi.

Mbao ndiyo mada inayozua mabishano makali kuliko zote, na hapa uandishi wa matangazo umefanya kazi yake vizuri. Tunaambiwa kwamba mti fulani una sauti ya joto na mwingine sauti kali, na kwamba bei ya gitaa inafuata mti huo. Ni kweli kwamba miti ya Afrika inathaminiwa na mafundi wa magitaa: wenge kutoka misitu ya Kongo imetumika katika shingo za besi za Warwick za Ujerumani, na mpingo, ambao Tanzania inaujua zaidi kwa vinyago na ambao dunia inautumia kwa klarineti, huonekana pia kwenye ubao wa vidole wa baadhi ya magitaa. Miti hii ni migumu, haipindiki kwa urahisi na inapendeza macho. Hata hivyo, pikapu ya besi ya umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na inachonasa ni mtikisiko wa uzi wa chuma juu yake, si wa ubao. Kinachobadilisha sauti kwa namna ambayo mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi ataitambua ni mahali pikapu ilipowekwa, aina ya nyuzi, na mahali vidole vinapogusa: mpigaji akivuta uzi karibu na shingo anapata sauti nzito na laini, akihamia karibu na daraja, yaani kile chuma kinachobeba nyuzi kwenye kiwiliwili, anapata sauti ngumu yenye makali, kwenye gitaa lilelile na bila kugusa kitufe chochote. Mnunuzi aulize zaidi kuhusu uzito. Besi ya kilo tano, hata ikiwa ya mti wa fahari, ni adhabu kwa bega la mtu anayepiga dansi mpaka alfajiri.

Nyuzi zenyewe zina dhana zake. Wapo wanaosema lazima zibadilishwe kila baada ya muda mfupi, na wapo wanaosema nyuzi za besi hazichakai. Jamerson aliyetajwa hapo juu hakuzibadilisha mpaka zikatike, kwa kuwa sauti aliyoitaka ilikuwa ya nyuzi bapa, zilizokufa kidogo, zisizolia kwa muda mrefu. Anayepiga kwa kupigiza kidole gumba, mtindo ambao mpiga besi wa Marekani Larry Graham aliupa umaarufu, anahitaji nyuzi za msokoto wa duara zenye mlio wa chuma, na hizo hupoteza mlio mapema. Kwenye mwambao, jasho na hewa ya chumvi huziharibu upesi zaidi, kwa hiyo kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga ni akiba ya kweli, ukizingatia bei ya seti moja. Wengine huzichemsha kwenye sufuria ili kutoa uchafu. Mlio hurudi kweli, ila kwa muda mfupi.

Kwamba kupiga besi kwa piki, yaani kibanzi kidogo cha kugongea nyuzi badala ya vidole, ni udanganyifu halihitaji mjadala mrefu. Carol Kaye alipiga kwa piki katika studio za Los Angeles kwa miaka mingi, na mpiga udi anayetumia risha hajawahi kuambiwa anadanganya.

Upande wa amplifaya, tahadhari kwamba besi ikichomekwa kwenye amplifaya ya gitaa la kawaida itaiua papo hapo imetiwa chumvi. Kwa sauti ya chini, ya kufanyia mazoezi chumbani, hakuna kinachoharibika. Hatari huanza sauti inapopandishwa, kwa sababu noti za chini huisukuma spika mbele na nyuma kwa umbali ambao haikutengenezwa kuustahimili. Watu hudanganyika pia na wati. Amplifaya ya wati 100 haisikiki kwa nguvu mara mbili ya ile ya wati 50, kwani tofauti yake ni desibeli 3 tu, na sikio huhitaji kama desibeli 10, yaani nguvu za umeme mara kumi, ndipo liseme sauti imekuwa maradufu. Ndiyo maana mwenye amplifaya ya wati 20 anayejaribu kushindana na dramu hataokolewa na ile ya wati 40.

La mwisho ni dhana kwamba besi ya bei nafuu au iliyotumika haiwezi kupigika. Nyingi hupigika vizuri zikirekebishwa, na kasoro kadhaa hujulikana palepale dukani. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane: inapaswa kuwa nyembamba sana, kama theluthi ya milimita. Ikizidi, au uzi ukilalia freti kabisa, shingo inahitaji kurekebishwa kwa chuma kilichomo ndani yake, na fundi hukizungusha robo mzunguko kwa mara moja, si zaidi. Kisha gusa uzi kidogo juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, sikiliza mlio wake, halafu ubonyeze hapohapo na ulinganishe; noti iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, kitako cha uzi huo kwenye daraja kirudishwe nyuma kwa bisibisi. Mkwaruzo unaosikika unapozungusha kitufe cha sauti kwa kawaida ni vumbi, na husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya mafundi redio. Lakini shingo iliyojisokota, kiasi kwamba ukichungulia kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani unaona kingo zake mbili hazilali sawa, arudishiwe mwenyewe, hata akipunguza bei nusu.