Akishavunja ungo, urefu ndo unaaga

Kuna sentensi naisikia kliniki mpaka nimeizoea: "Dokta, huyu mfupi kwa sababu bado hajavunja ungo, akivunja tu utaona atakavyorefuka." Na kuna ile nyingine, binti ana miaka 13, alivunja ungo mwaka jana, mama bado anasubiri huo urefu uanze kuja. Mi ni daktari wa watoto hapa Dar na kwa kweli hili jambo linanikera kidogo, si kwamba wazazi hawajali, wanajali sana, ila wanaangalia saa wakati muda umeshaenda. Kwa mtoto wa kike hedhi ya kwanza inakuja wakati sehemu kubwa sana ya urefu wake ameshaumaliza.

Iko hivi. Mtoto wa shule ya msingi ambae hajaanza balehe anaongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, taratibu, hata humuoni. Alafu kifua kinaanza kuchomoza, kawaida kati ya miaka 8 na 13, na mara nyingi kinaanza upande mmoja, kile kidonge kigumu chini ya chuchu ambacho kinawaleta kina mama mbio wakijua ni saratani (si saratani, na tafadhali msikikande wala kukisugua, kiacheni). Kuanzia hapo ndo spidi inapanda. Kilele chake kinafika miezi 6 hadi 12 hivi kabla ya hedhi ya kwanza, na kipindi hicho binti anaweza kuongezeka sentimita 8 au hata zaidi ndani ya mwaka mmoja.

Na haongezeki mwili mzima kwa pamoja. Nyayo zinatangulia, zinafuata miguu, kiwiliwili kinamalizia. Kwa hiyo yule mama anaelalamika kwamba kanunua viatu vya shule mwezi wa kwanza, tena size kubwa ili mtoto akulie humo, na mwezi wa sita vimembana, huyo hajalogwa wala mtoto hachezei viatu, huyo ndo anashuhudia mwanzo wenyewe. Ikifuata sketi kupanda juu ya goti basi mko katikati ya safari. Huo ndo muda wa kumlisha, kumpima na kama kuna ugonjwa wa kuutibu, msisubiri baadae.

Hedhi inakuja kama miaka 2 hadi 2 na nusu baada ya kifua kuanza. Baada ya hapo wengi wanaongeza sentimita 5 hadi 7 basi, na nyingi ya hizo zinaingia mwaka wa kwanza. Alievunja ungo mapema sana anaweza kupata zaidi kidogo, aliechelewa anapata pungufu kwa sababu kaingia akiwa tayari mrefu. Ukiangalia jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007 utaona vizuri: msichana wa katikati ana kama sentimita 139 akiwa na miaka 10, 151 akiwa na 12, 160 akiwa na 14, na akifika 19 ni 163. Yani kutoka 14 mpaka 19, miaka mitano mizima, sentimita 3 tu.

Kwa nini inakua hivo? Kwenye ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu, yani mfupa laini ambao haujakomaa, hapo ndo mfupa unaporefukia. Homoni ya estrojeni inayoanza kutoka kwenye ovari wakati wa balehe inaharakisha ukuaji, ila hiyo hiyo estrojeni inalikomaza lile gegedu mpaka linageuka mfupa na kufunga, ni kama bodaboda anaepiga resi huku mafuta yanaisha. Hata wavulana wanafungwa na estrojeni, mwili wao unaitengeneza kutokana na testosteroni, homoni ya kiume. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mwanaume wa miaka 28 ambae mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni kabisa, alikua na sentimita 204 na bado alikua anarefuka! Na wavulana kilele chao kinachelewa kama miaka miwili nyuma ya dada zao, ndo maana darasa la sita wasichana wanawaangalia wenzao kwa juu, alafu wakifika sekondari mambo yanageuka.

Hapo sasa utaelewa kwa nini binti alieanza balehe mapema mno, kabla ya miaka 8, ni wa kuletwa hospitali hata kama leo ndo mrefu kuliko wote darasani. Ndugu wanamsifia, shangazi anasema katoka kwa babu yake, kumbe mifupa yake imetangulia umri na itafunga mapema, anaishia mfupi kuliko alivyotakiwa awe. Tunapiga eksirei ya kiganja cha kushoto na kifundo cha mkono kuangalia umri wa mifupa, na ikibidi zipo sindano za kuisimamisha balehe kwa muda. Si rahisi bei, nisiwadanganye.

Upande wa pili kuna anaechelewa. Kifua hakuna mpaka miaka 13, au hedhi hakuna mpaka 15, mlete. Wengine ni familia tu, mama nae alichelewa. Ila kwetu hapa mi naangalia kwanza lishe, upungufu wa damu, magonjwa ya muda mrefu, HIV, na selimundu (sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi), maana nchi yetu ni moja ya zile zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Binti wa selimundu mara nyingi anachelewa balehe lakini kwa kuwa mifupa nayo imechelewa kufunga anaendelea kukua wakati wenzake wameshasimama, kwa hiyo msimkatie tamaa akiwa na miaka 14. Alafu kuna ugonjwa wa Turner, msichana amezaliwa na kromosomu X moja tu iliyokamilika badala ya mbili, hutokea kwa kama msichana mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500, na wakati mwingine ufupi ndo dalili pekee mpaka ukubwani.

Kuhusu vidonge na siropu za kurefusha zinazouzwa Instagram: gegedu likishafunga hakuna cha kulifungua, hela hiyo nunua mayai. Kuning'inia kwenye bomba hakurefushi. Netiboli nayo hairefushi, warefu ndo wanachaguliwa kucheza.

Urefu ukisimama mwili haujasimama. Uzito unaendelea kupanda, hipsi zinatanuka, na hapo ndo nyumbani wanaanza kumwambia umenenepa, binti anaacha chai ya asubuhi na kula mchana, wakati mifupa yake bado inajaza madini mpaka miaka ya ishirini na kitu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage, hivyo anavihitaji bado, na damu ya kila mwezi inamtoa madini ya chuma. Nyonga nayo inaendelea kupanuka miaka kadhaa baada ya urefu kusimama, kwa hiyo mnaposema "huyu ameshakua, mrefu kama mama yake," nyonga ya huyo mtoto wa miaka 15 haijawa ya mama yake, na akipata mimba wakunga wa labour wanalijua hilo kuliko mimi.

Mkitaka kuja kliniki, mpimeni kwanza nyumbani. Tatizo letu kadi ya kliniki ikiisha miaka mitano hakuna anaempima mtoto tena mpaka augue. Avue viatu, mgongo na visigino viguse ukuta, aangalie mbele, rasta au mabutu ya utosini fumueni, weka kitabu kigumu kilalie kichwa, chora kwa penseli. Rudia baada ya miezi 6, muda ule ule wa siku maana jioni mtu anapungua kidogo. Ambae hajaanza balehe akiwa hafikishi hata sentimita 4 kwa mwaka, njooni.

Na tutauliza urefu wa wazazi. Chukua wa baba kwa sentimita, toa 13, jumlisha wa mama, gawa kwa mbili. Baba 172 na mama 158 inakuja kama 158 na nusu, na binti anaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa sentimita 8 hivi bila shida yoyote. Ila baba aje mwenyewe tumpime. Wale wa kwenye simu wote wana futi sita.