Kumdhamini mtu mkopo: yanayosemwa mtaani na yaliyomo kwenye fomu

Ombi huja kirahisi: "Nisainie hapa, ni utaratibu tu wa SACCOS," yaani chama cha akiba na mikopo. Unasaini juujuu huku mwenzako ameshikilia fomu, nawe hujasoma hata ukurasa wa pili.

"Mdhamini ni shahidi tu." Shahidi anathibitisha kwamba fulani kasaini. Mdhamini anaahidi kulipa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) inambebesha wajibu uleule wa mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Humo zimo riba na faini zilizojilimbikiza wakati rafiki yako kazima simu.

"Watamfuata yeye kwanza." Hii ndiyo inayowaponza wengi. Mkataba usipotamka hivyo, mkopeshaji halazimiki kumaliza njia zote za kumdai mkopaji kabla ya kukugeukia. Marejesho yakikwama, anaanza na aliye rahisi kupatikana. Sasa jiulize nani rahisi: aliyeacha kazi na kuhama, au wewe ambaye mshahara wako unakatwa palepale na akiba yako wanaishika wao?

"Tuko watatu, kwa hiyo changu ni theluthi." Tafuta kwenye fomu maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake": maana yake yeyote kati yenu anaweza kudaiwa deni lote. Tuseme mkopo ulikuwa shilingi milioni 6, kalipa 2, zimebaki 4 bila kuhesabu riba. Mdhamini wa kwanza ana akiba ya laki tatu, wa pili keshajitoa kwenye chama. Wewe una milioni nne na nusu ulizoziweka za ada ya watoto. Zinaweza kuchukuliwa zako, kisha ni juu yako kuwadai wenzako mafungu yao. Na hata mkopaji akilipa vizuri, katika SACCOS nyingi akiba iliyosimama kama dhamana haitoki mpaka deni liishe. Ukihitaji mkopo wako mwenyewe, utaambiwa umeshajifunga kwa mwingine.

"Mambo yakiharibika nitajitoa." Hela ikishatoka, barua yako haikutoi. Njia ya kawaida ni kupata mdhamini mbadala ambaye mkopeshaji atamkubali. Ila lipo moja la kukusaidia: wakibadilisha masharti, mathalani kumwongezea mkopo bila idhini yako, sheria inaweza kukuondolea wajibu kwa yanayofuata. Ndiyo maana fomu nyingine huweka kisentensi kwamba umekubali "mabadiliko yoyote". Kikate kabla ya kusaini, au usisaini. Atakayekuuliza "kwani huniamini?" mwache anune.

"Akifa, deni linazikwa naye." Kama kuna bima ya mkopo, huenda. Kama hakuna, wewe bado upo. Uliza pia kama bima inagusa kupoteza kazi. Mara nyingi haigusi.

"Nyumba ni yangu, naweka hati." Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Zungumzeni nyumbani kabla dalali hajabisha hodi.

"Nikishalipa, hela imekwenda." Siyo lazima. Mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji alichotoa, na dhamana aliyoweka mkopaji inahamia kwake. Kwa hiyo omba nakala ya mkataba siku unayosaini, hifadhi kila stakabadhi, na ukimaliza kulipa dai barua ya mkopeshaji inayotaja kiasi na kwamba kimetoka kwako.