Inapingika, Lakini Ruta Haiwaki

Ruta za mteja wangu kila zikiwaka huvuta faili la kuwashia kutoka kwenye seva. Jana tena, saa tano usiku, simu: "Mkuu, seva inapingika vizuri tu, ruta ndiyo imekufa, tuagize nyingine." Mara ya tatu mwezi huu, na zote tatu ruta ilikuwa nzima. Nimepanda bodaboda hadi Mikocheni kwenda kuongeza mstari mmoja.

Pingi ni ICMP, ujumbe mfupi wa kuuliza mashine kama ipo. Inakuambia mashine iko hai na njia ipo, basi. Kama TFTP, huduma ya seva inayotoa hilo faili, imewashwa, kama faili lipo, kama lina ruhusa ya kusomwa, hayo haiyajui. Ukibisha hodi kwa jirani akaitika, bado hujajua kama ana chumvi.

DHCP, inayogawa anwani za mtandao, napita haraka. Ruta ikiwaka inaomba anwani, inapewa pamoja na jina la faili na anwani ya seva ya TFTP. Hiyo ya seva ndiyo vurugu: ruta nyingine huisoma kwenye sehemu ya jibu iitwayo opsheni 66, nyingine 150 ya Cisco, nyingine next-server. Vitabu vina jibu safi. Mimi najaza zote tatu nalala.

Sasa faiwoli, ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao. Kila fundi anajua TFTP ni UDP 69, yaani poti (mlango) namba 69, anafungua 69, anapiga kifua. Haya, ombi la ruta linaingia kweli kwa 69. Lakini seva haijibu kutoka 69! Inachukua poti nyingine yoyote huko juu, na data yote inapita hapo. Faiwoli iliyo katikati inaona paketi inatoka poti isiyoijua, inaitupa. Ukisoma logi ya seva unaona ombi limefika, jibu limetumwa, limerudiwa, limerudiwa tena, halafu kimya. Hapo ndipo ruta inapoitwa mbovu. Kama faiwoli ni Linux, pakia nf_conntrack_tftp, moduli inayoisaidia faiwoli kulitambua hilo jibu la poti nyingine. Na kwenye kerneli (kiini cha Linux) za sasa kuipakia hakutoshi, lazima uandike na sheria ya kuiita. Ndio mstari wangu wa jana. Au weka seva na ruta kwenye VLAN moja (kipande kimoja cha mtandao) bila faiwoli katikati, tusisumbuane.

Faili likikatikia karibu na MB 32, usiguse kebo. Vipande vya TFTP ni baiti 512, na namba ya kipande ina biti 16 tu, kwa hiyo hesabu inaisha. Seva nyingine huanza upya kuhesabu, nyingine huduwaa. Ongeza blksize, yaani ukubwa wa kipande, kama ruta yako inaielewa.

Lililobaki sijalitibu vizuri. Umeme ukirudi, ruta huamka kabla ya seva, zinajaribu mara chache, nyingine zinakata tamaa na kukaa tu. UPS (betri ya akiba) ya seva ingesaidia, mteja anasema mwakani. Kwa sasa mlinzi wa getini ana maagizo yangu kwenye karatasi: subiri dakika tano, zima ruta zote, washa tena. Naona aibu kuiandika hapa, ila inafanya kazi.